Baraza si Chumba: Mwongozo wa Mitandao kwa Mwenye Kazi na Kalamu

Nilikuwa nasahihisha mitihani ya kidato cha pili nilipokutana na jibu lililonifanya niweke kalamu chini. Swali liliwataka wanafunzi waeleze maana ya methali "Mchumia juani hulia kivulini." Mmoja akaandika kwamba mtu akichuma matunda kwenye jua kali, akifika kivulini analia kwa sababu kichwa kinamuuma. Nilicheka mpaka mwalimu wa meza ya pili akauliza kulikoni. Nikapiga picha, nikakata sehemu yenye jina, nikaiweka statasi, na usiku nikaipandisha Facebook. Kesho yake ilikuwa imeshaingia kwenye kurasa za vichekesho nisizozijua hata kwa jina.

Siku ya tatu mama mmoja akaja shuleni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akaninyooshea simu yake. "Huu mwandiko naujua mimi. Ndiye anayeniandikia daftari la vikoba."

Sikuwa na la kusema. Jina nililikata, mwandiko nikauacha. Na ukilitazama jibu lenyewe kwa utulivu, mtoto hakuvunja sarufi yoyote: "hulia" ni kula mahali, na "hulia" ni kutoa machozi. Asiyewahi kuelezwa methali hiyo ana haki ya kuchagua mojawapo. Nilikuwa na somo zuri la darasani mkononi, nikaligawa bure kwa wapita njia wacheke.

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, na usiku naandika hadithi za mfululizo mtandaoni. Utaratibu ninaoueleza hapa nimeujenga baada ya siku ile, vipande vingine kwa makosa zaidi. Utamfaa mtu yeyote mwenye kazi inayomdai heshima na kalamu inayomdai uwazi: muuguzi anayetunga mashairi, wakili mwenye makala, mfasiri, mtangazaji, mhubiri.

Hatua ya kwanza: Gawa nyumba

Nyumba nyingi za pwani zina baraza mbele. Apitaye huketi hapo, akanywa kahawa, akasikia habari, akaenda zake. Humjui na wala humdai jina. Anayejulikana hukaribishwa ukumbini. Chumbani haingii mtu. Chukua karatasi, ipige mistari miwili upate safu tatu, uzipe majina hayo: baraza, ukumbi, chumba. Kisha orodhesha kila mahali unapoandika kwenye simu yako, moja moja, na ukipe kila kimoja safu yake.

Facebook, Instagram, X na TikTok ni baraza, hata kama akaunti umeifunga kwa marafiki tu. Marafiki wana vidole na simu zao zinapiga picha ya skrini. Statasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, na hilo ndilo linalotudanganya. Picha yangu ilihitaji usiku mmoja tu kutoka statasi kwenda dunia nzima. Grupu za WhatsApp ndizo zinazowaponza wengi. Mtu anaandika humo kama anayezungumza na ndugu zake, kumbe grupu moja linaweza kubeba watu 1,024. Grupu la watu mia mbili ni baraza lenye pazia. La wazazi wa darasa lako ni baraza, na tena baraza la mwajiri wako. Ukumbini mimi nimeweka grupu moja tu, la waandishi wenzangu sita tunaosomeana rasimu. Chumbani hakuna mtandao wowote. Kuna daftari.

Ukimaliza, andika chini ya kila safu mambo yanayoruhusiwa kukaa hapo. Yangu ya barazani ni haya: hadithi zilizokamilika, maneno ya Kiswahili yaliyonifurahisha, taarifa za kazi zangu, na majibu kwa wasomaji. Siasa ya shule haimo. Watoto wangu hawamo. Wanafunzi hawamo, hata kwa sifa, mpaka mzazi aseme ndiyo. Karatasi hiyo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, mahali ninapoiona nikivaa shati asubuhi. Jambo lililo chumbani unaweza kulitoa barazani siku yoyote ukitaka. Likishafika barazani, halirudi.

Hatua ya pili: Jina la mlangoni

Amua kama utaandika kwa jina lako au kwa lakabu. Lakabu ni desturi ya zamani kwa washairi wetu, na haina aibu yoyote. Ila usiichukue ukidhani ni kofia ya kukufanya usionekane. Akaunti imefungwa na namba yako ya simu, marafiki zako wanakujua, na mtindo wako wa kuandika unakutangaza. Lakabu hutenganisha kazi mbili kwa adabu, basi. Mzazi anayetafuta mwalimu akimkuta mwalimu, na msomaji anayetafuta hadithi ya mapenzi akimkuta mtunzi, kila mmoja ametulia. Wakijua kwamba ni mtu mmoja, hakuna uongo uliofichuka.

Maelezo yako yawe mistari miwili: unafanya nini, unaandika nini, na upatikane wapi kwa shughuli. Usiandike jina la shule, hospitali au ofisi yako. Ukishaliandika, kila posti yako inakuwa imepigwa muhuri wa mwajiri, na kile kisentensi cha "haya ni maoni yangu binafsi" hakijawahi kumzuia mkuu wa idara kumwita mtu ofisini. Picha iwe ya uso wako au ya kitu kimoja kinachotambulika. Usiibadilishe kila wiki. Wasomaji wengi hutambua picha kabla hawajasoma jina.

Soma pia kanuni za maadili za taaluma yako. Najua hakuna anayezisoma. Zisome mara moja, dakika ishirini, na utajua mstari uko wapi badala ya kuukanyaga gizani.

Hatua ya tatu: Andika nje, posti ndani

Usitungie kwenye kile kisanduku kinachouliza unawaza nini. Tunga kwenye daftari, au kwenye programu ya kuandikia ya simu yako, ukiwa umezima data. Sababu ni mbili. Kisanduku kile kinakuharakisha, na bando likikata katikati ya posti ndefu unaweza kuipoteza yote.

Ukishaandika, lala nayo. Posti ya hasira, ya huzuni au ya furaha kubwa mimi huiacha mpaka alfajiri. Nikiisoma kwa sauti, na mke wangu akiwa jikoni anasikia, nikiona naipunguza sauti mahali fulani, mahali hapo pana tatizo.

Kisha sahihisha. Hapa nitakaa kidogo, maana mwandishi anahukumiwa kwa hili kuliko kwa mawazo yake. Msomaji husamehe hadithi yenye pengo, "kwaajili" hasamehi. Ni "kwa ajili". Ni "kwa nini", maneno mawili, na ni "kwa sababu". "Nakuomba" ni neno moja. Ukiandika "na kuomba" umesema jambo jingine kabisa. "Ana sema" ni ugonjwa ulioingia na vibodi vya simu, usipouangalia utakukaa mpaka kwenye karatasi. Tofautisha r na l, hata kama lafudhi ya kwenu huzichanganya ukizungumza. Mdomoni ni utambulisho, kwenye maandishi ni kosa. "Xaxa" na "cjui" ziachie watoto wangu wa kidato cha pili, ambao angalau wana sababu ya umri.

Ingia pia kwenye mipangilio ya kibodi, uongeze Kiswahili kwenye lugha zake au uzime kabisa kujisahihisha. Kibodi iliyowekwa Kiingereza peke yake itageuza "sana" kuwa "Santa" bila kukuuliza, na utakuwa umemwandikia mkuu wa shule "asante Santa". Yamenikuta.

Hatua ya nne: Hadithi ya mfululizo

Wanaoandika makala tu waruke mpaka hatua ya tano. Wengine wakae, kwani hapa ndipo mtandao unapoweza kukulipa au kukumaliza.

Kumaliza kwanza. Usiposti sehemu ya kwanza kabla hujaandika ya mwisho. Niliwahi kuanza hadithi nikiwa na sehemu sita mkononi na imani nyingi. Nilikwama sehemu ya ishirini na tatu, mhusika akiwa kwenye kivuko, hajui ashuke au asishuke. Kwa miezi miwili kila nilichoposti, hata taarifa ya msiba, kulikuwa na mtu chini yake: "Shikamoo mwalimu, yule dada kashuka?" Msomaji akishapata arosto, ile hamu isiyotulia, uhusiano wenu umebadilika. Yeye anakudai na wewe unamkimbia.

Sehemu moja iwe na maneno kati ya 700 na 1,000. Ndefu zaidi ya hapo msomaji wa simu hukatia njiani. Gawanya aya fupi fupi. Kata mahali ambapo swali moja limejibiwa na jingine limefunguka. Ukikata kila mara kwenye kisu kinachoning'inia, kufikia sehemu ya tano watu wameshaizoea hila hiyo na wanaisubiri huku wamekunja mikono. Weka siku na saa, uzishike. Mimi ni Jumanne na Ijumaa, saa mbili usiku, watu wakiwa wameshakula.

Kisha amua utatoa kiasi gani bure. Ninachofanya mimi: theluthi moja barazani kwa wote, iliyobaki kwa atakayenunua nakala nzima ya PDF kwa shilingi 2,000. Wengine huuza sehemu kwa sehemu. Sikuweza, hesabu ya nani kalipa mpaka sehemu gani ilinifanya karani badala ya mwandishi. Kwa malipo tumia lipa namba, au laini moja uliyoitenga kwa kazi hiyo tu, usiichanganye na ile unayotumiwa ada za watoto wa ndugu. Na meseji ya muamala usiiamini kwa kuisoma. Angalia salio. Kuna watu wanaoandika meseji za malipo kwa ustadi ambao, wangeupeleka kwenye riwaya, tungekuwa tunawasoma.

Kabla ya kumtumia mtu PDF, andika jina lake chini ya kurasa: "Nakala hii ni ya Bi. fulani." Haizuii kusambazwa. Ila mtu huona haya kidogo kuipeleka grupu la umoja wa wanawake ikiwa na jina lake chini.

Usiwakusanye wanunuzi kwenye grupu. Ndani ya grupu kila mmoja anaona namba ya mwenzake, na wasomaji wangu wengi ni wanawake. Wiki mbili hazikupita nikaanza kuletewa malalamiko ya wanaume waliokuwa wakiwafuata inboksi usiku, wamezichota namba kwenye grupu langu. Nililivunja siku hiyo hiyo. Sasa natumia orodha ya kutangazia ya WhatsApp, inayochukua hadi watu 256. Kila mmoja anapata ujumbe kama ametumiwa peke yake, kwa sharti kwamba ameihifadhi namba yako kwenye simu. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza kwa mnunuzi uwe huo: "Hifadhi namba hii." Chaneli za WhatsApp, zilizokuja 2023, nazo zinaficha namba za wafuasi, na zinafaa kwa zile sehemu za bure.

Wizi utakukuta. Utaona hadithi yako kwenye ukurasa mwingine, jina lako limefutwa, na mwizi anashukuru pongezi. Jikinge mapema: jina lako liandike mwanzoni na mwishoni, na pia lipenyeze katikati ya sehemu, kwenye mstari wake, kwani wezi wengi ni wavivu na hukata kichwa na mkia tu. Hifadhi rasimu zako za mkono zikiwa na tarehe. Hakimiliki inaanza siku unapoandika, haisubiri usajili. Ndivyo ilivyo kwa sheria ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, na zote mbili zinalinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Hata hivyo kusajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, hukupa karatasi ya kuonyesha, na karatasi inaheshimiwa. Ukimkuta mwizi, mwandikie inboksi kwa adabu mara moja. Asipojibu, Facebook ina fomu ya kuripoti uvunjaji wa hakimiliki, ijaze. Usiite wasomaji wako wakamtukane. Wataenda, wataandika matusi, na matusi yatabaki chini ya jina lako.

Jambo moja zaidi kabla hujaposti chochote cha maana: jiulize kama mswada huo unautakia tuzo au kitabu. Mashindano mengine hutaka kazi ambayo haijatolewa popote, na kuna wachapishaji wanaohesabu Facebook kuwa ni popote. Soma masharti kwanza. Kazi yangu ninayoipenda kuliko zote haijawahi kuonekana mtandaoni.

Hatua ya tano: Watu wa kweli

Kukata jina hakutoshi, hilo nimeshalilipia. Mtu hutambulika kwa mwandiko, sare, mlango wa nyumba, sauti, kidonda, aina ya gari, hata kwa siku ya tukio. Muuguzi akiandika "leo tumepokea mama aliyejifungua mapacha watatu," mjini hapa mama huyo ni mmoja. Ukitaka kutumia kisa cha kweli, badilisha vitu vitatu: mahali, wakati, na kitu kimoja kinachomhusu mtu huyo. Baada ya hapo mpe mtu wa karibu asome, umuulize amemtambua nani. Akitaja jina, rudi mezani.

Msiba una kanuni yake. Usiwe wa kwanza. Kuna watoto waliojua baba yao amekufa kupitia "pumzika kwa amani" ya mtu wa mbali, wakiwa ndani ya basi. Subiri familia itangaze, kisha andika salamu fupi bila picha ya marehemu akiwa kitandani. Picha za ajali usizipige; ukiletewa, usizipeleke popote.

Hatua ya sita: Komenti na malumbano

Pongezi jibu kwa ufupi, na salamu uiitikie. Mwanafunzi akiandika "Shikamoo mwalimu" chini ya hadithi, muitikie "marahaba" hapo hapo hadharani, na mazungumzo yenu yaishie hapo. Mwanafunzi hajibiwi inboksi. Mwalimu wa kiume na binti wa miaka kumi na sita hawana la kuandikiana faraghani saa nne usiku, hata kama ni kuhusu ngeli za nomino.

Matusi futa, mtu mzuie, endelea na kazi. Ukosoaji ndio mgumu, kwa sababu mara nyingi una ukweli ndani yake na adabu hauna.

Hapa nilikopa kwa wazee. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na kwenye magazeti ya Kiswahili ya enzi zile washairi walilumbana: mmoja anatoa hoja, mwingine anamjibu toleo lijalo, na wa tatu anaingilia kutoka mji mwingine. Walichomana kwelikweli. Lakini jibu lilipaswa kutimiza vina na mizani, na lilipita posta. Mpaka utimize mizani kumi na sita kila mstari, na vina vya kati na vya mwisho vikubaliane, hasira imeshapoa na iliyobaki ni hoja. Basi mtu akinikosoa vikali, najilazimisha kujibu kwa ubeti au nisijibu kabisa. Msomaji mmoja aliandika kwamba hadithi zangu zote ni hadithi moja iliyobadilishwa nguo. Ilinichukua jioni mbili:

Umesema narudia, hadithi zangu ni moja,
Sikatai, nasikia, ila ninayo na hoja:
Ndoo ninayotumia, kisima chake kimoja,
Chota nawe, leta pia, tupime maji pamoja.

Akajibu kwa ubeti wake, wenye vina bora kuliko vyangu, sikutegemea. Leo ni mmoja wa wale sita wa ukumbini. Na alikuwa na haki kuhusu zile nguo.

Usipokuwa mshairi, njia ni ile ile kwa sura nyingine: jibu kwa mkono kwenye karatasi, kisha ulinakili. Neno litakalokuchosha kuliandika mara mbili halikuwa na kazi.

Hatua ya saba: Unachosambaza ni chako

Mtu akiniona nimesambaza dawa ya kitunguu saumu na limau, anaona mwalimu kasema. Jina lako ni dhamana, na kila unachopeleka mbele umekidhamini. WhatsApp inakusaidia kidogo: ujumbe uliopita mikono mingi hutokea na mishale miwili juu yake, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kuupeleka sehemu moja tu kwa wakati. Ukiona mishale miwili, simama. Tafuta chanzo chenyewe: barua ya wizara iangalie kwenye tovuti ya wizara, kauli ya mtu isikilize kwenye video nzima. Picha ya barua yenye mhuri si chanzo. Mhuri unachorwa kwa simu.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina yake ya 2018, na zote zinagusa taarifa za uongo. Kuhusu taarifa binafsi za watu, Kenya ilitunga sheria 2019 na Tanzania 2022. Orodha yako ya wanunuzi na namba zao inaangukia humo, usiiuze wala kumgawia mwenzako anayezindua kitabu. Na ukiwa Tanzania ukitaka kugeuza ukurasa wako kuwa chombo cha habari, uliza kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu leseni, maana kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018 na zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja.

Hatua ya nane: Kufuli

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye kila akaunti, leo, kabla hujaendelea kusoma. Wezi wa WhatsApp hawahitaji utaalamu. Wanakuandikia kwa jina la rafiki yako ambaye wameshamteka: "Samahani, nimekosea, namba sita zimekuja kwako, nitumie." Namba hizo ni funguo za akaunti yako. Usimpe mtu, hata akiwa shangazi. Akaunti ikishatekwa wataanza kuwaomba wasomaji wako pesa, na kwa sababu wamezoea kukulipa, watalipa. Ni mtoto wa ile meseji ya kitapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", amekua tu na amesoma.

Neno la siri la barua pepe liwe tofauti na yote mengine. Kwenye barua pepe ndiko unakorudi kudai akaunti zako zikipotea.

Hatua ya tisa: Saa na bando

Nina nusu saa mchana na saa moja usiku. Taarifa za mlio nimezizima zote isipokuwa simu za kupigwa. Kwenye saa ile ya usiku, dakika arobaini ni za wasomaji na ishirini ni za kusoma wenzangu. Ukiona umekaa siku nne unaposti bila kuandika ukurasa mpya wa hadithi, funga, kaandike. Bando la wiki lina mwisho wake na hilo ni msaada: likiisha Jumamosi, sinunui jingine mpaka Jumatatu.

Hatua ya kumi: Baraza ni la watu

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikachechemea kwa siku kadhaa. Mei 2025 watu wa Tanzania waliamka X haifunguki. Uganda walifungiwa Facebook Januari 2021. Wewe ni mgeni kwenye baraza la mtu, na mwenye nyumba anaweza kuingiza mikeka ndani wakati wowote.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi kaa chini ufanye mambo haya. Nakili kila ulichoposti kwenye faili moja, ujitumie kwa barua pepe, na nakala nyingine uiweke kwenye flashi. Kisha chukua daftari la kawaida la kaunta, uandike kwa mkono majina na namba za wasomaji wapya, na wanapenda nini. Langu lina kurasa 63 sasa. Baraza likifungiwa, likitekwa au likizimika, daftari hilo haliguswi. Simu yangu ilipotumbukia majini kivukoni (naam, kivukoni, na mimi nilishuka), nilinunua laini upya na kufikia Ijumaa saa mbili usiku hadithi ilitoka kama kawaida.

Ukikosea

Futa kwanza, haraka, usisubiri ushauri. Halafu mwendee uliyemkosea ana kwa ana, kabla ya kuandika chochote hadharani. Nilimwomba radhi yule mama, kisha kijana wake mbele ya mama yake, na wiki iliyofuata nikaifundisha ile methali darasani kwa maana zote mbili bila kutaja ilikotoka. Mwishowe andika barazani pale pale ulipokosea, sentensi mbili zinatosha: nilifanya hivi, haikuwa sawa, nimeiondoa. Usieleze nia yako ilikuwa nini.

Picha yenyewe haijafa. Kila msimu wa mitihani mtu hunitumia, akidhani ni mpya, ikiwa na mishale miwili juu yake: "Mwalimu, umeiona hii?" Namjibu nimeiona, na namwomba asiipeleke mbele.